Tazama Dibaji Kwanza

Ukitoka mjini kwa matatu ukavuka daraja la Nyali, hukawii kumsikia makanga akiita, "Kengeleni, washukao!" Watu hushuka, wakanunua viazi karai, wakashika njia zao za Kisauni. Ni wachache wanaouliza hiyo kengele ni ya nani.

Kengele yenyewe ipo, kwenye mnara wake hapo njia panda. Ni ya Frere Town, makao ambayo wamishenari wa CMS waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Inasimuliwa kwamba ililizwa kuwaonya wakazi watekaji walipoonekana. Na kutoka makao hayo kikatoka kitabu: *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, 1934. Babake alikuwa mmoja wa hao waliookolewa.

Mimi nilikifikia kitabu hiki kwa kuzungukia Marekani. Chuoni nilikaa mihula mitatu tu kabla ya karo kunishinda, na somo nililolipenda zaidi lilikuwa fasihi ya Kimarekani. Humo ndimo nilimokutana na Frederick Douglass, na nikajifunza kutazama dibaji kwanza.

Tawasifu yake ya 1845 ilitoka Boston. Kabla hujalifikia neno la Douglass mwenyewe, unapita kwa Wazungu wawili, William Lloyd Garrison na Wendell Phillips, wanaokuhakikishia kwamba jamaa huyu ni mkweli. Kwa nini? Katika majimbo kadhaa ya kusini, kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Wengi hawakuamini kwamba mtu aliyetoka huko angeweza kuandika hivyo. Ilibidi apate wadhamini, kama mtu anayeomba mkopo. Na kwa kuwa alimtaja bwana wake kwa jina, alijiweka hatarini kukamatwa. Akaenda Uingereza, na mwaka 1846 marafiki zake wa huko wakamlipa bwana huyo pesa ili Douglass awe huru kisheria.

Mwaka 1855 akaandika upya maisha yake. Safari hii dibaji ni ya James McCune Smith, daktari mweusi. Humo Douglass anaeleza jinsi wenzake Wazungu katika harakati walivyotaka asimulie mambo yaliyomkuta tu, maana yake wawaachie wao. Mtu ni yule yule, viboko ni vile vile. Kilichobadilika ni nani amesimama kando yake anapozungumza.

Sasa rudi Kisauni na jicho hilo. Kijana wa leo akifungua *Uhuru wa Watumwa* huenda akakifunga haraka. Waarabu ndio watesaji, Waingereza ndio waokozi, na shukrani zimejaa. "Huyu mzee alikuwa kibaraka," atasema, basi, yameisha.

Yaani, hebu tulia kidogo. Kila kitabu cha historia kina miaka miwili: mwaka wa kisa na mwaka wa kuandikwa. Kisa hiki ni cha karne ya 19. Kuandikwa ni 1934, koloni la Kenya, wakati mwanamume Mwafrika anatembea na kipande, na mchapishaji ni Sheldon Press ya London, ambayo ni ya Kikristo. Kitabu cha kumsuta Mwingereza kingepitia mlango gani hapo?

Na ya kumsuta yalikuwepo. Mkataba wa 1873 na Sultani Barghash ulifunga masoko na usafirishaji wa watumwa baharini, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Hapa pwani ya Kenya hali hiyo ya kisheria ilifutwa mwaka 1907, miaka zaidi ya 30 baada ya Frere Town kuanzishwa. Watoro waliokimbilia misheni ya Rabai walidaiwa na mabwana zao, na tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Waingereza, IBEA, ikawalipia fidia watu wapatao 1,400 na kuwapa hati za uhuru. Kama Douglass: uhuru wa kununuliwa, na karatasi juu. Ndani ya Frere Town yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi J. R. Streeter alituhumiwa kuwachapa wakazi viboko hadi uchunguzi ukafanywa.

Lakini usomaji ukiishia kwenye yasiyosemwa, tutakuwa tumemwonea Mbotela. Uliza pia: aliandika kwa lugha gani? Douglass aliandika ili wageni waguswe. Mbotela aliandika kwa Kiswahili, mbele ya majirani. Na pwani hii, wewe unajua, asili ya utumwa hufichwa. Watu hubadilisha majina na kujitafutia koo nyingine, maana neno "mtumwa" bado ni tusi la kumtupia mtu hadharani. Katikati ya hayo, mtu anachapisha kitabu kisemacho babangu alitekwa, na alikuwa na kwao kabla ya kutekwa. Shukrani kwa Mwingereza haifuti ujasiri huo. Pengine ndiyo iliyokuwa bei ya kuuchapisha.

Ukoo huo haukunyamaza. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, ni wa nyumba hiyo hiyo ya Frere Town. Kwa miongo mingi aliiuliza nchi nzima redioni: *Je, Huu ni Ungwana?* Tulisikia swali la adabu, la mtu anayeruka foleni au anayekula huku akiongea. Lakini mwungwana, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, ni mtu huru, asiye mtumwa. Kila juma mzao wa mateka alikuwa hewani, akipima nani ni mwungwana na nani siye.