Paka, Panya na Tauni: Somo la Bukoba na Lushoto

Huko Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mahindi yakishavunwa hukaa ghalani au darini, na panya nao hawakawii. Ndiyo maana tunafuga paka. Lakini je, umewahi kujiuliza paka huyo anapata nini pamoja na nyama ya panya?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1894, huko Hong Kong, Yersin aligundua kijidudu cha tauni. Mwaka 1898 Simond, akiwa Karachi, alionyesha kuwa kiroboto ndiye anayeutoa ugonjwa kwa panya na kuuleta kwa mtu. Miaka hiyohiyo Robert Koch alikuwa hapa nchini, akathibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, Bukoba, ni tauni. Wenyeji hawakumngoja daktari. Walikwishajua kwamba panya wakianza kufa ovyo, zamu ya watu inafuata. Basi wakazihama nyumba.

Tauni ikazuka tena Lushoto mwaka 1980. Kwa zaidi ya miaka 20 iliwapata watu zaidi ya 7,000, na mamia wakafa.

Sasa paka anaingiaje? Mbwa akila panya mgonjwa, mara nyingi hupona. Paka huugua hasa: homa, uvimbe chini ya taya, na wengi hufa. Kabla ya kufa anaweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma, kumparura au kumkoholea. Huko Marekani, kati ya 1977 na 1998, watu 23 waliambukizwa na paka; 5 wakafa.

Je, tuwafukuze paka? La hasha! Panya watashangilia. Fanya hivi: inua ghala, uvishe miguu yake makinga ya bati. Mlishe paka ashibe, asitegemee panya tu. Ukitega sumu, okota mizoga uifukie, maana paka akila panya mwenye sumu naye huenda akafa. Usishike mzoga kwa mkono mtupu.

Ukiona panya wanakufa bila sumu, au paka ana uvimbe shingoni, usimguse. Mwarifu bwana mifugo. Na mtu akipata homa na mtoki, mbio kituo cha afya! Tauni inatibika ikiwahiwa.

Watu wa Kiziba waliwatazama panya wao. Nasi tuwatazame paka wetu.