Kiongozi Baina ya Amri na Raia: Mafunzo ya Enzi ya Machifu wa Rwanda

Kila aliyepata kupewa uongozi, uwe mkubwa au mdogo, huwa amesimama baina ya watu wawili. Juu yake yuko anayedai hesabu: kodi imetimia kiasi gani, njia imelimwa hadi wapi, michango imefika wapi. Chini yake wako watu wenye miili inayochoka, wenye watoto wanaolia njaa, na wenye siku chache za kulima mashamba yao. Kuyatimiza ya juu bila kuwaumiza wa chini ni kazi ngumu, na wengi wameshindwa nayo. Historia ya Rwanda katika karne ya 20 ina somo kubwa juu ya jambo hili, na inafaa somo hilo lisomwe na watu wa Kigali, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka katika vilima vinavyouzunguka mji wao.

Kabla ya kuja Wazungu, na hata katika miaka ya kwanza ya utawala wao, sehemu nyingi za Rwanda, hasa za kati, hazikuwa na chifu mmoja tu. Walikuwako watatu. Mmoja alisimamia ardhi na mazao yake, wa pili alisimamia malisho na ng'ombe, na wa tatu alikuwa mkuu wa jeshi, ambaye watu wake walitawanyika katika vilima vingi. Wote watatu walikuwa na haki ya kudai, na haisemwi kwamba mkulima wa zama zile aliishi kwa raha. Uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa ajili ya chifu wa ardhi, ulikwisha kuenea katika enzi ya Mfalme Kigeli Rwabugiri, mwishoni mwa karne ya 19, na ulikuwa mzigo mzito. Lakini katika utaratibu ule mlikuwamo nafuu moja. Mtu aliyeonewa na chifu wa ardhi aliweza kumwendea chifu wa ng'ombe au mkuu wa jeshi lake, naye, kwa kutaka kuwahifadhi watu wake au kwa kumhusudu mwenzake tu, akampelekea shauri lake mbele ya mfalme. Dhuluma ya mlango mmoja ilikuwa na mlango wa pili wa kuitolea malalamiko.

Wadachi waliushika utawala wa nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1907 Richard Kandt akaweka makao yake Nyarugenge, mahali ulipoanzia mji wa Kigali. Katika vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1916, Wabelgiji wakaiteka nchi. Hao walitaka utawala ulio mwepesi kuhesabika. Kuanzia mwaka 1926, katika mabadiliko yaliyopewa jina la Mortehan, mkuu wao wa serikali nchini, vyeo vile vitatu viliunganishwa kuwa kimoja. Tangu hapo kila eneo likawa na chifu mmoja, na chini yake manaibu wake. Kwa jicho la mwenye ofisi hili lilikuwa jambo la busara: amri moja, mtu mmoja wa kuulizwa, daftari moja. Kwa jicho la mkulima, mlango wa pili ulikuwa umefungwa.

Mara baada ya hapo nchi ikapatwa na njaa iliyoitwa Rwakayihura, ya miaka ya 1928 na 1929. Ilikausha hasa pande za mashariki, ikaua makumi ya maelfu ya watu, na wengine wengi wakakimbilia Uganda. Serikali ikaazimia kwamba jambo hilo lisirudi tena. Kila mwenye shamba akaamriwa kulima mihogo na viazi vitamu, mazao yanayoweza kukaa ardhini hadi siku ya haja. Njia zikachimbwa ili chakula kipate kusafirishwa. Kisha ikaja kahawa, ambayo walipa kodi waliamriwa kuipanda ili wapate fedha za kodi. Baadaye yakaja mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya vilima.

Yapasa hapa kusema kweli kwa haki. Si yote yaliyoamriwa yalikuwa mabaya. Mihogo imewaokoa watu wengi, na kahawa ilikuwa kwa miaka mingi nguzo ya uchumi wa Rwanda. Aliyeweka lengo la kuzuia njaa hakuweka lengo la kipumbavu. Ubaya uliingia katika namna lengo lilivyotafutwa, na katika namna mtendaji wake alivyopimwa.

Chifu alipimwa kwa vile vinavyoonekana: miche iliyopandwa, maili za njia, kodi iliyoingia, watu waliofika kazini. Aliyetimiza alisifiwa na kuachwa katika cheo chake. Aliyepungukiwa aliandikwa kuwa mvivu au mkaidi, na wengi waliondolewa katika uchifu. Mfalme mwenyewe hakusalimika, kwani mwezi wa Novemba mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Yuhi Musinga, waliyemwona kuwa kikwazo, wakamweka mwanawe Mutara Rudahigwa. Ikiwa mfalme aweza kuondolewa hivyo, naibu wa chifu katika kilima cha mbali angetumaini nini? Hakuna daftari lililouliza ni wajane wangapi wa kilima hicho walilala bila kula, wala ni mashamba mangapi yalipitwa na mvua kwa sababu wenyewe walikuwa barabarani na majembe ya serikali.

Basi chifu alifanya yale ambayo wengi hufanya wanapohofia cheo. Alilihamisha shinikizo kutoka mgongoni mwake akalitia mgongoni mwa raia. Uburetwa, ambao zamani uliangukia ukoo, na ukoo ukachagua wa kumtuma, sasa ulimwangukia kila mwanamume mzima peke yake. Juu ya huo ikaongezwa kazi ya serikali. Wasomaji wa Kiswahili watatambua majina yake mara moja, kwani Wanyarwanda waliiita akazi, na mjeledi uliowasukuma watu kwenye kazi hiyo wakauita ikiboko. Maneno yote mawili yalitoka katika Kiswahili, lugha iliyokuja na askari, makarani na wafanya biashara. Si sifa kwa lugha hii kwamba mkulima wa kilimani aliijua kwanza kwa maneno hayo, lakini ni ushahidi wa historia, nao haufai kufichwa.

Waislamu wa mjini hawakuwa mbali na shida hizo, ingawa ya kwao ilikuwa na sura nyingine. Waliokaa katika kambi ya Waswahili waliwekwa kando na vilima, na zamani zile walihitaji ruhusa ili kutoka na kutembea nchini. Hivyo waliuona msongamano wa wakimbizi wa kodi na wa kazi wakipita njiani kuelekea Uganda, mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyefungiwa kila mlango wa kulalamika hutafuta njia ya kuondoka. Maelfu kwa maelfu waliondoka, na mashamba ya Buganda yakajazwa na Wanyarwanda na Warundi waliopendelea kumlimia mgeni kwa ujira kuliko kubaki nyumbani chini ya kiboko. Wakubwa wa serikali waliyahesabu mazao. Kuondoka kwa watu kungeliweza kuwa hesabu nyingine, iliyo bora zaidi, kwa kiongozi mwenye kutaka kujua kama anatawala vizuri.

Mtihani mkubwa ukaja katika vita vya pili vya dunia. Kuanzia mwaka 1943 mvua zilikosekana, na viazi vikashikwa na ugonjwa uliovikausha shambani. Njaa hiyo iliitwa Ruzagayura, nayo iliendelea hadi mwisho wa mwaka 1944. Wakati uleule madai ya vita hayakulegea: mazao, ng'ombe na nguvu za watu vilitakiwa kwa ajili ya juhudi za Ubelgiji na Kongo yake. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kuanzia makumi ya maelfu hadi laki tatu. Hata kwa hesabu ndogo zaidi, ni msiba ambao vilima havikuusahau. Mihogo na viazi vitamu vilivyolimwa kwa amri baada ya Rwakayihura vilikuwapo, lakini havikutosha mahali ambapo aliyetoa amri hakujua, au hakutaka kujua, kwamba mwaka ule haukuwa kama miaka mingine.

Hapo inafaa kuitazama njaa nyingine, ya zamani zaidi, ambayo Waislamu wanaijua. Katika mwaka wa 18 wa Hijra Madina na nchi iliyoizunguka vilipatwa na ukame mkali, mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Ramada, kwa kuwa ardhi ilikuwa kama majivu. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa na dola changa yenye majeshi katika Sham na Iraq, na hakukosa sababu za kudai kila kilicho haki ya hazina. Lakini aliahirisha kukusanya zaka mwaka ule, hadi watu walipopata mvua. Akasimamisha adhabu ya kukatwa mkono kwa wizi, kwa kuwa mwenye njaa ana udhuru. Akawaandikia maliwali wa majimbo walete chakula. Yeye mwenyewe akajizuia samli na nyama mpaka raia wazipate. Hesabu ya dola haikufutwa. Zaka ya mwaka uliopita ilikusanywa baadaye pamoja na ya mwaka uliofuata. Lengo lilipinda kwa ajili ya watu, kisha likanyooka.

Jambo la pili katika mwenendo wa Umar linahusu mlango ule uliofungwa Rwanda mwaka 1926. Katika msimu wa Hija aliwakusanya maliwali wake Makka, mahali ambapo watu wa kila jimbo walikuwapo, akamwachia nafasi mwenye malalamiko amshitaki liwali wake hadharani. Liwali aliyepeleka mali nyingi hakusalimika kwa sababu hiyo peke yake, kwa maana raia aliulizwa pia. Hivyo huruma haikuachiwa moyo wa mtu mmoja. Ilijengewa njia ya kupitia.

Nchini Rwanda mlango wa pili ulianza kufunguliwa kutoka mbali. Baada ya vita, mwaka 1946, Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na wenyeji wakapata haki ya kulipelekea barua za malalamiko. Ujumbe wa kwanza wa Baraza ulifika mwaka 1948, ukalaumu adhabu ya kiboko na kutaka ifutwe. Mwaka 1949 uburetwa ulifutwa. Mwaka 1954 Mfalme Rudahigwa akatangaza kuvunjwa kwa ubuhake, mapatano ya zamani ya ng'ombe yaliyomfunga mteja kwa bwana wake. Haipasi kudhani kwamba barua za New York peke yake zilifanya hayo yote, lakini ni dhahiri kwamba pale mdai hesabu alipoanza kudaiwa naye, mzigo ulianza kupungua.

Hata hivyo nafuu ilichelewa. Kiboko kilikuwa kimeshikwa na mkono wa chifu, si wa aliyeketi ofisini, na aliyepigwa humkumbuka aliyempiga. Wabelgiji walikuwa wamewaweka Watutsi karibu katika vyeo vyote vya uchifu, na tangu miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Kwa hiyo ghasia zilipozuka mwezi wa Novemba mwaka 1959, chuki ya kazi za lazima haikuishia kwa machifu. Iliwaangukia Watutsi wote, hata maskini wasiopata kamwe kuamuru mtu alime. Hayo, na maafa makubwa yaliyofuata hadi mwaka 1994, yana sababu nyingi, lakini miongoni mwa sababu hizo ni miaka 30 ya hesabu zilizotimizwa kwa mgongo wa raia asiye na pa kulalamikia.

Rwanda ya leo imeirudia kazi ya malengo kwa jina la kienyeji. Tangu mwaka 2006 wakuu wa wilaya huweka imihigo mbele ya Rais, ahadi zinazopimwa kila mwaka. Imihigo imeleta maendeleo mengi, nayo pia imeonyesha hatari ileile ya zamani pale mtendaji anapoharakisha tarakimu. Katika kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi ya miaka ya 2010 na 2011, ziko familia zilizobomolewa nyumba kabla ya kupata nyingine. Ndiyo maana ni jambo jema kwamba Bodi ya Utawala ya Rwanda imekuwa ikikusanya maoni ya wananchi wenyewe kuhusu huduma wanazopewa. Huo ni mlango wa pili, na thamani yake inategemea kama anayeingia husikilizwa.

Kiongozi wa jumuiya, wa madrasa au wa kamati ya msikiti naye ana hesabu zake. Jengo halisimami bila michango, wala shule haiendi bila ada. Ayadai yaliyo haki, na ayadai kwa bidii. Lakini kabla ya kufunga daftari aulize mambo mawili: je, lengo hili laweza kupinda mwaka wa shida bila kuvunjika? Na je, yule asiyeweza kutoa anaye mtu mwingine wa kumwendea, asiyekuwa huyo anayemdai? Machifu wa vilimani hawakuulizwa maswali hayo, na waliokuwa chini yao ndio waliolipa.