Wingu, Kontena na Usukani: Istilahi za Uhandisi wa Devopsi katika Historia ya Ukuzaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya istilahi za fani yoyote ni historia ya kazi za watu. Mafundi hawaanzi kwa kubuni maneno; huanza kwa kukabili tatizo, kisha huazima jina kutoka katika kazi nyingine wanayoifahamu. Kanuni hii inadhihirika katika fani changa ya devopsi, yaani uhandisi unaounganisha kazi ya kuandika programu za kompyuta na kazi ya kuziendesha na kuzitunza. Kampuni zinazouza huduma za wingu, zikiwamo Google na Amazon, hutoa mitihani ya kuwaidhinisha wahandisi wa fani hii. Mitihani hiyo haitolewi kwa Kiswahili. Mtahiniwa wa Dar es Salaam au Mombasa hupimwa kwa dhana, lakini dhana zenyewe zimefungwa ndani ya sitiari za Kiingereza, na ni rahisi kuzikariri bila kuzifungua. Mhadhara huu unafuatilia asili ya baadhi ya sitiari hizo na kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuzifungua, mradi mwundaji wa istilahi azingatie kazi inayofanywa na neno, si sura yake.

2.0 Chimbuko la Fani na Jina Lake

Wingu lilianza kama mchoro. Wahandisi wa simu na mitandao walipochora mifumo yao, sehemu ambayo msomaji hakuhitaji kujua undani wake waliichora kwa umbo la wingu. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya data na uwezo wa kompyuta kupitia intaneti, na mchoro ukageuka jina la biashara. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa fasili rasmi yenye sifa tano za msingi, aina tatu za huduma na aina nne za uwekaji. Hivyo, kwa mhandisi, wingu si kitu kilicho angani, bali ni mitambo ya mtu mwingine inayotumiwa kwa kipimo na kulipiwa kwa kipimo.

Jina la devopsi lilifuata. Kwa muda mrefu waandishi wa programu walitaka mabadiliko ya haraka, ilhali watunzaji wa mitambo walitaka utulivu, na pande hizo mbili zilizoea kulaumiana. Mwezi Juni 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr walieleza hadharani jinsi ushirikiano ulivyoiwezesha kampuni yao kuingiza mabadiliko zaidi ya mara kumi kwa siku. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent, Ubelgiji, na kutokana na mkutano huo likaenea jina lililofinyangwa kwa vipande vya maneno mawili ya Kiingereza. Mbinu hiyo si ngeni kwa Kiswahili. Neno runinga, linalohusishwa na Sheikh Ahmed Nabhany, nalo limeundwa kwa kuunganisha vipande vya maneno.

3.0 Sitiari za Bandarini

Kundi moja kubwa la istilahi za fani hii linatoka baharini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Faida ya kontena haikuwa katika chuma chake, bali katika usanifu wa vipimo: winchi yoyote iliweza kuliinua bila kujali kilichomo. Mwaka 2013 programu ya Docker ilipotangazwa, wazo lilikuwa hilohilo. Programu hufungwa pamoja na kila inachohitaji, kisha huendeshwa katika mashine yoyote. Kiswahili hakina haja ya kuhangaikia neno hapa, kwa kuwa kontena lilikwisha kuingia kupitia bandari zake na msemaji wake analifahamu kwa macho.

Mwaka 2014 Google ilitangaza Kubernetes, programu inayoyapanga na kuyasimamia makontena kwa wingi. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Msomaji wa Kiingereza huhitaji kuelezwa hivyo, ilhali kwa msomaji wa pwani maelezo hayo humrudisha nyumbani. Kiswahili kina nahodha, rubani na usukani, na tayari kimekwisha kuyapanua maneno hayo. Rubani alikuwa mwelekezaji wa vyombo vya baharini kabla ya kukabidhiwa ndege. Nahodha leo huongoza hata timu ya mpira. Kumkabidhi makontena ya kompyuta ni hatua ileile ya upanuzi wa maana.

4.0 Sitiari Zinazopotosha

Si kila sitiari husafiri salama. Mhandisi anapotoa toleo jipya kwa watumiaji wachache kwanza, ili madhara yaonekane kabla ya kuwafikia wote, Kiingereza huliita toleo hilo kwa jina la ndege. Asili yake ni migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, ambako ndege wadogo walitumiwa hadi mwaka 1986 kubaini gesi ya sumu isiyo na harufu. Ndege aliathirika mapema, na wachimbaji wakapata muda wa kutoka. Ikitafsiriwa kisisisi, istilahi hiyo itatoa chiriku. Lakini katika Kiswahili chiriku ni pia mtu mwenye maneno mengi, na taswira ya mgodi haimo. Mwanafunzi atacheka, asielewe. Toleo la tahadhari lingebeba dhana bila kumbeba ndege.

Kinyume chake, zipo dhana ambazo Kiswahili huzipambanua vizuri kuliko lugha zilikotoka. Tangu mwaka 2003, chini ya Ben Treynor Sloss, Google ilijenga utaratibu wa kuweka lengo la upatikanaji wa huduma na kuhesabu kiasi cha upungufu kinachovumilika. Lengo likiwa asilimia 99.9 kwa siku 30, huduma inaweza kukosekana kwa dakika 43 na sekunde 12. Kiasi hicho kikiisha, kazi ya kuongeza mambo mapya husimama ili kazi ya kuimarisha ishike nafasi. Kiingereza hutumia neno moja pana, "error", kutaja upungufu huo. Kiswahili hutenga kosa, ambalo lina mkosaji, na hitilafu, ambayo yaweza kutokea bila mtu kulaumiwa. Ikiitwa bajeti ya makosa, falsafa nzima itapotea, kwani wahandisi hawa husisitiza kuchunguza matukio bila kumsaka wa kumlaumu. Bajeti ya hitilafu ndiyo istilahi inayofaa.

Mfano wa tatu ni "toil", kazi ya mikono inayojirudia, ambayo mashine ingeweza kuifanya, na ambayo haiachi faida ya kudumu. Google iliweka lengo kwamba isizidi nusu ya muda wa mhandisi. Neno sulubu hujitokeza haraka, lakini linasisitiza uzito wa kazi. Kijungujiko lina ukaribu zaidi: kazi ya kupitisha siku, ambayo kesho hukuta mtu alipokuwa jana.

5.0 Mtumiaji na Mjenzi

Kiswahili kina mapokeo marefu ya kuunda na kusanifu maneno, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na TUKI ya mwaka 1970, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa sehemu ya TATAKI. Katika kompyuta, hatua kubwa ilipigwa mwaka 2004, pale mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulipotoa Jambo OpenOffice. Hata hivyo, kazi ya kutafsiri kinachoonekana kwenye skrini ilihitaji maneno ya skrini: faili, kipanya, hifadhi, fungua, chapisha. Hayo ni maneno ya mtumiaji. Maneno ya anayejenga na kutunza mitambo hayakuwa sehemu ya kazi hiyo, na pengo hilo lina athari. Lugha inayompa msemaji wake amri za kubofya, bila kumpa maneno ya kujadili kwa nini mtambo umeanguka, humweka upande mmoja tu wa mashine.

6.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba mitihani hiyo itafsiriwe mara moja, wala kwamba istilahi zilizopendekezwa ni sanifu. Usanifishaji una vyombo vyake. Linalodaiwa ni utaratibu. Kwanza ichunguzwe kazi iliyozaa sitiari. Pili iulizwe kama wasemaji wa Kiswahili wanaifahamu kazi hiyo. Tatu ndipo iamuliwe kukopa, kupanua maana au kuunda upya. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake, kwa kuwa hajui mtambo, wala na mhandisi peke yake, kwa kuwa hajazoea kupima neno. Fani ya devopsi ilizaliwa pale pande mbili zilizokuwa zikilaumiana zilipokubali kukaa meza moja. Istilahi zake kwa Kiswahili zinahitaji meza ya namna hiyo.