Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika utabibu wa mwili neno hilo lina nguvu, kwani kisu cha mpasuaji hakipiti katika waya. Lakini sonona ni maradhi ya namna nyingine. Huondoa usingizi, hamu ya chakula na matumaini. Humwaminisha mgonjwa kuwa hafai kitu, kisha humnyima nguvu za kuinuka kwenda kutafuta msaada. Kwa mtu wa hali hiyo maili moja ni nyingi, na maili mia ni bahari isiyo na chombo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tiba yake ni maneno na usikivu, na vitu hivi viwili husafiri.

Jambo hili lilijaribiwa mapema katika jimbo la Nebraska, Marekani, ambako mashamba ni mapana na miji imetengana. Mwaka 1959, katika Taasisi ya Maradhi ya Akili ya Nebraska mjini Omaha, Dk. Cecil Wittson na wenzake waliendesha tiba ya makundi kwa televisheni ya njia mbili: daktari alikaa chumba kimoja na wagonjwa chumba kingine, wakaonana na kusemezana. Mwaka 1964 taasisi hiyo iliunganishwa na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Norfolk, iliyo mbali kiasi cha maili 112. Wataalamu wa Omaha wakaweza kutoa shauri Norfolk pasipo kufunga safari.

Huko Boston, mwaka 1968, Dk. Kenneth Bird aliunganisha Hospitali Kuu ya Massachusetts na zahanati ya uwanja wa ndege wa Logan. Matabibu wa akili nao wakatumia njia hiyo, na mwaka 1973 Dk. Thomas Dwyer alitoa makala juu ya kazi yao. Alieleza jambo ambalo wengi hawakulitazamia: baadhi ya wagonjwa waliona wepesi zaidi kusema na daktari aliye katika kioo kuliko aliyeketi mbele yao. Umbali, uliohesabiwa kuwa kasoro, kwao ulikuwa stara.

Lakini mitambo ile ilikuwa ya gharama kubwa, nayo ilisimama hospitalini. Mgonjwa alipaswa kuifuata. Kipande cha mwisho cha njia, kutoka hospitali hadi kitanda cha nyumbani, kilivukwa kwa wingi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango, na simu na intaneti zikawa chumba cha daktari.

Methali haikufa, ila imewekewa mpaka. Aliyekusudia kujiua huhitaji mkono wa karibu. Na asiye na simu, au asiye na faragha nyumbani mwake, hafikiwi na sauti ya mbali. Lakini kwa yule alalaye akidhani amesahauliwa na watu, sauti imwitayo kwa jina lake na kungoja jibu ni fimbo iliyokwisha kufika.