Jina Daftarini Si Babu: Nasaba na Rejista za Parokia za Uingereza

Rejista ya Stratford-upon-Avon yasema William Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haimo. Wala ukurasa tulio nao si ule ulioandikwa siku ya ubatizo, ni nakala. Mwaka 1598 iliamriwa madaftari ya karatasi yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoanza kutawala. Waandishi wengi walilishika neno hilo "hasa" kwa mikono miwili, wakaiacha miaka 20 ya mwanzo, tangu rejista zianze mwaka 1538, ipotee.

Naanza na mfano huu kwa sababu watafuta asili wengi huisoma rejista kana kwamba ni shajara ya ukoo. Sivyo. Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, alipoamuru mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, kilichohesabiwa ni ibada iliyofanyika kanisani. Nani kamzaa nani lilikuwa jambo la pembeni. Asiyepitia kisima cha ubatizo cha Kanisa la Anglikana, kama mtoto wa Wabaptisti, aghalabu hana mstari humo. Watu wa wakati ule walinong'ona kwamba daftari ni mtego wa kodi, na hawakukosea sana, ingawa mtego ulichelewa: mwaka 1783 kila ingizo lilitozwa peni tatu, mafukara wakisamehewa. Ndiyo maana alama ya ufukara katika rejista za miaka hiyo isichukuliwe kuwa ushahidi wa njaa. Huenda kasisi alikuwa mpole tu.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni la kalenda, kwa kuwa huwavunjia heshima marehemu. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza rasmi tarehe 25 Machi. Tuseme rejista inaonyesha wenzi waliooana Aprili 1700 na mtoto wao aliyebatizwa Februari 1700. Msomaji mwenye haraka atatangaza kuwa mtoto alitangulia ndoa. Kumbe Februari hiyo ilikuja baada ya Aprili. Kwa hesabu yetu ni 1701, na bibi wa watu amesingiziwa bure.

Sisemi rejista hazifai. Wanahistoria E. A. Wrigley na R. S. Schofield walitumia zile za parokia 404 kujenga historia ya idadi ya watu wa Uingereza, iliyochapishwa 1981. Lakini katika jumla ya maelfu, makosa madogo humezwa. Katika nasaba, kosa moja hubadilisha ukoo mzima. Majina ya ubatizo yalikuwa machache, na wazazi waliofiwa mara nyingi walimpa mtoto aliyefuata jina lilelile. Hivyo anayempata John wa 1690 mwenye jina la ukoo analolitafuta, asimwite babu kabla ya kufungua kurasa za maziko. Huenda John huyo alizikwa hata meno hajaota, na babu halisi ni mdogo wake, John wa 1692.