Wakili wa Meli na Nchi Isiyo na Bandari

Tarehe 19 Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alifika Gisozi, jijini Kigali, na kuweka shada la maua kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Siku hiyohiyo, yeye na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya nchi zao. Picha za Gisozi zilienea duniani kote. Mkataba, ulioanza kutumika Januari 2012, haukushughulisha watu wengi hadi 2018, kampuni za Kimarekani za Bay View na Spalena zilipouegemea kuishtaki Rwanda mbele ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Zilidai kwamba zimepokonywa vitalu vitano vya madini, serikali ikakana. Machi 2022 madai yote yalitupwa.

Kigali ilishangilia, na ilikuwa haki yake. Lakini kuna swali ambalo ushindi ule uliliacha kando: walioamua ni akina nani, na walilelewa wapi? Baraza lilikuwa na wasuluhishi watatu. Mwenyekiti alikuwa Lord Phillips wa Worth Matravers. Mmoja wa wenzake alikuwa Barbara Dohmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyejijengea jina katika uwakili wa biashara wa London. Wawili kati ya watatu, basi, walitoka katika mtaa mmoja wa kisheria.

Maisha ya Phillips yanaonyesha jinsi mtaa huo unavyofinyanga watu. Alizaliwa 1938, akatumikia jeshi la majini, akasoma Cambridge, na mwaka 1962 akaingia katika uwakili wa Kiingereza ule ambao wakili hana kampuni: anajitegemea, anapanga ofisi pamoja na wenzake, na kazi huletewa na mawakili wengine wanaowahudumia wateja moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa meli: migongano baharini, shehena iliyoharibika, mikataba ya kukodi vyombo, bima. Kuanzia 1973 aliishauri serikali ya Uingereza katika kesi za bahari. Mwaka 1978 akawa Wakili wa Malkia, na 1987 jaji wa Mahakama Kuu. Huko alisikiliza kesi nzito za ulaghai wa fedha, ikiwemo ya wana wa mfanyabiashara Robert Maxwell. Akapanda hadi Jaji Mkuu wa Uingereza na Wales, kisha mwaka 2009 akawa Rais wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Uingereza. Alipostaafu aliongoza mahakama ya kituo cha fedha cha Qatar.

Mtu anaweza kusoma wasifu huo kama hadithi ya kipaji. Mimi nauona kama hadithi ya wingi wa kazi. Mawakili wa aina hii walizaliwa na maelfu ya migogoro midogo, mingi ya kuchosha, iliyopita mikononi mwao kabla hawajakabidhiwa mikubwa. Hata mahakama yao ya biashara, iliyoanza 1895, ilitokana na malalamiko ya wafanyabiashara: inasimuliwa kwamba jaji mmoja aliivuruga kesi ya hasara ya baharini kiasi kwamba wenye mali walichoka kupeleka mashauri yao kwa watu wasioijua biashara.

Rwanda imefanya haraka katika upande wa sheria. Mahakama za biashara zilianza 2008. Sheria ya mikataba ya 2011 ilisogea kuelekea mapokeo ya Kiingereza. Kituo cha usuluhishi cha Kigali, KIAC, kilizinduliwa 2012. Na mwaka 2019 sheria zote za kabla ya uhuru zilifutwa kwa mkupuo mmoja. Ila mkupuo haumwandai wakili. Yeye huiva kwa kesi.

Na kesi zipo, hapahapa Gisozi. Teremka kutoka kwenye Kumbukumbu hadi Agakiriro, penye mafundi seremala na wauza mbao. Moto umezuka pale mara kadhaa na kuteketeza karakana na mali. Kila moto unaacha maswali ambayo Phillips wa miaka ya sitini angeyatambua mara moja: mali ilikuwa na bima? Aliyelipa malipo ya awali ya kabati ambalo sasa ni majivu anamdai nani? Mbao zilizoletwa kwa mkopo ziliungua zikiwa za nani? Mengi ya maswali hayo huishia kwa mazungumzo. Njia hiyo ni ya busara na ya bei nafuu, lakini haiachi hukumu iliyoandikwa ambayo wakili kijana angeisoma kesho.

Nitaambiwa kwamba mwekezaji wa kigeni hawezi kukubali aamuliwe na Wanyarwanda. Katika kesi dhidi ya serikali, hofu hiyo ina msingi, na ile ya madini huenda ingepelekwa nje kwa vyovyote. Lakini mikataba mingi ya Kigali haiihusu serikali hata kidogo. Benki, kampuni za bima na waagizaji wanaweza kuandika KIAC katika mikataba yao na kuteua wasuluhishi wa Afrika Mashariki. Mahakama nazo zinaweza kuzichapisha kwa maelezo kamili hukumu za madai madogo ya bima, yakiwemo ya seremala wa Agakiriro.