Msasa: kutoka mtini hadi gereji

Gereji za Temeke na Kinondoni hazikosi msasa, lakini neno hili lilianza kwenye mti. Majani ya msasa hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ya dukani ikarithi jina.

Mwenye gari lililokwaruzika asikimbilie msasa. Mkwaruzo usionasa ukucha uko kwenye tabaka la juu lisilo na rangi. Huoshwa, kisha husuguliwa kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Ukinasa kidogo, ndipo utumike msasa wa maji namba 2000, tena uliolowa. Namba 80 ni ya kukwangua kutu, si ya kugusa rangi nzima!

Neno limefika hata magazetini: walimu nao hupigwa msasa, yaani hunolewa kwa semina.